Ramani za mtandaoni na athari za miradi kwa mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wahandisi, maofisa mazingira, washauri waelekezi, wakopeshaji, wanahabari na wananchi ambao mradi unapita karibu na milango yao. Yanafuata safari ya mradi tangu wazo hadi kufungwa, lakini unaweza kuingilia popote. Majibu yana msimamo: ramani inayofunguliwa baada ya uamuzi kupitishwa hailindi mto wala msitu.

Zana hizi ni zipi, na kila moja ina kazi gani?

Kuna majukwaa ya kutazama, ambayo hufunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Global Forest Watch ya World Resources Institute huonyesha upotevu wa miti mwaka kwa mwaka kuanzia 2001. Protected Planet hubeba kanzidata ya dunia ya maeneo ya hifadhi, inayotunzwa na UNEP-WCMC, kituo cha uhifadhi cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, pamoja na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, na kuhuishwa kila mwezi. IBAT huunganisha maeneo hayo na maeneo muhimu ya bayoanuwai na Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopima spishi zilizo hatarini kutoweka. Aqueduct huonyesha mabonde yenye shinikizo kubwa la maji, na FIRMS ya NASA huonyesha moto saa chache tu baada ya setilaiti kuuona.

Kuna programu za kuchambua. QGIS, iliyoanza 2002, ni huria na ya bure, na kama una muda wa kujifunza zana moja tu, jifunze hiyo. Google Earth Engine inafaa pale unapotaka kupitia maelfu ya picha za setilaiti bila kuzipakua kwenye kompyuta yako.

Halafu kuna zana za uwandani kama ODK, KoboToolbox na QField. Hizi hukaa kwenye simu janja au kishikwambi, hurekodi mahali ulipo pamoja na picha na maelezo, na hufanya kazi hata pasipo na mtandao.

Zitumike hatua gani ya mradi?

Kabla mstari wa mradi haujachorwa rasmi. Jibu hili hupuuzwa kuliko yote, na kwa maoni yangu hasara nyingi tunazoziona huanzia hapo.

Kila aliyesomea tathmini ya athari kwa mazingira anajua ngazi nne kwa mpangilio wake: kwanza epuka athari, isipowezekana punguza, kisha rejesha kilichoharibika, na mwisho kabisa fidia kilichobaki. Mpangilio huo umo katika viwango vya IFC, Shirika la Fedha la Kimataifa, vya mwaka 2012 na katika mfumo wa mazingira na jamii wa Benki ya Dunia ulioanza kutumika 2018. Kwenye karatasi hauna mpinzani. Tatizo ni wakati. Mara nyingi mshauri mwelekezi anaitwa njia ikiwa imeshapangwa, ardhi imeshathaminiwa na mkopo umeshajadiliwa. Ngazi ya kuepuka imekwisha kabla hajawasha kompyuta. Anabaki kupendekeza makalavati mapana zaidi, miche ya kupandwa na mabango ya kuonya madereva.

Ramani ya mtandaoni inaweza kubadilisha hali hiyo kwa sababu ni rahisi na ya haraka. Mhandisi akiwa na njia tatu anazozifikiria, anaweza kuzilaza zote juu ya matabaka (ramani za mada moja moja) ya hifadhi, maji, mteremko na makazi ya watu kwa mchana mmoja. Kusogeza mstari hapo hakugharimu chochote. Baada ya miaka miwili, kusogeza mstari uleule kunahitaji kikao cha bodi, mkataba mpya na wanasheria.

Kwa hiyo ukiandika hadidu za rejea, dai ramani ya vikwazo kabla ya upembuzi yakinifu, na dai angalau njia au maeneo mbadala mawili yaliyopimwa kwa vigezo vilevile. Mbadala uliochorwa ili kukataliwa hautoshi. Wasomaji wenye uzoefu huutambua mara moja.

Sijawahi kuzigusa. Nianze vipi?

Anza kwa kuchora mradi wote, siyo jengo au barabara kuu peke yake. Chora machimbo ya kokoto, barabara za muda, kambi ya wafanyakazi, mahali pa kutupa kifusi, bomba la maji, na mkuza wa njia ya umeme utakaolisha mradi. Google Earth Pro inatosha kwa hatua hii. Hifadhi michoro hiyo kama faili la KML, kisha ilaze juu ya matabaka uliyoyapata kwenye majukwaa yaliyotajwa hapo juu. Kwa kila mgongano andika mambo matatu: ni nini kinaguswa, ni mita au hekta ngapi, na je, kinaweza kukwepwa.

Chukua mfano wa kambi ya wafanyakazi. Kwenye picha ya setilaiti ya kiangazi mtu anaona uwanja tambarare, hauna miti, uko karibu na barabara, wala hauna nyumba ya kubomoa. Unaonekana umeumbwa kwa ajili ya kambi. Sasa fungua Global Surface Water, ramani ya kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya inayofuatilia maji ya juu ya ardhi tangu 1984, na uwashe tabaka la kutokea kwa maji (water occurrence). Pale pale kwenye uwanja wako panatokea doa hafifu la waridi. Maana yake ni kwamba maji hukaa hapo, siyo kila mwezi wala kila mwaka, lakini hukaa. Rudi kwenye picha na uitafute ya mwezi wa mvua nyingi: uwanja umegeuka ardhioevu. Ukijenga kambi pale, kwanza utazika eneo linalohifadhi maji ya mafuriko, pili vyoo vya wafanyakazi vitafurika, na tatu maji machafu yataingia kwenye kijito kinachofuata.

Kuligundua jambo hilo ukiwa bado mezani hakuhitaji hata mtaalamu. Kunahitaji mtu anayeuliza picha ilipigwa mwezi gani.

Je, data zote ni za bure?

Nyingi. Kumbukumbu ya picha za Landsat, setilaiti za Marekani, inayoanzia 1972, ilifunguliwa kwa wote bila malipo 2008, na uamuzi huo ndio uliozaa sehemu kubwa ya zana tunazozungumzia. Picha za Sentinel za Umoja wa Ulaya ni bure pia. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ni bure kwa sharti la kutaja chanzo na kushiriki maboresho kwa leseni ileile. Angalia hata hivyo masharti ya matumizi ya kibiashara. Kampuni inayotaka kutumia IBAT kupima hatari za mradi wake hulipa, na malipo hayo husaidia kuhuisha data. Data za hifadhi unazoziona bure kwenye Protected Planet nazo haziruhusiwi kutumika kibiashara bila idhini.

Picha ya setilaiti inaonyesha kila kilichopo ardhini?

Hapana, na kila mtumiaji anapaswa kujua kwa hakika inaficha nini.

Pikseli moja ya Landsat, yaani nukta ndogo kabisa ya picha yake, ni mraba wa mita 30 kwa 30. Hekta moja ina takriban pikseli 11 tu. Sentinel-2, iliyorushwa kwa mara ya kwanza 2015, ina pikseli za mita 10 katika rangi zake kuu, yaani 100 kwa hekta. Ni hatua kubwa mbele, lakini kijito chenye upana wa mita tatu kinachukua chini ya theluthi moja ya pikseli hiyo, na rangi yake inamezwa na majani ya kandoni. Chemchemi iliyo chini ya mti mmoja mkubwa haionekani kabisa. Wala kaburi, wala mti wa tambiko, wala mzinga wa nyuki, wala mapito ya mifugo yanayotumika msimu mmoja kwa mwaka.

Vitu hivi vidogo ndivyo mara nyingi huamua kama watu wataishi vizuri na mradi au watauchukia. Chemchemi moja inaweza kuwa ndiyo maji ya kunywa ya kaya zote za bonde. Ikiwa ramani yako haina chemchemi, usiandike kwamba hakuna chemchemi. Andika kwamba data iliyotumika haiwezi kuzionyesha, kisha watafute wanaozijua.

Kuna tahadhari nyingine kuhusu mwinuko. Modeli ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha angani ndani ya siku 11 za Februari 2000, husoma uso ambao rada iliukuta. Penye msitu mnene, sehemu ya kimo cha miti imeingia kwenye namba za mwinuko. Ukipanga mifereji ya maji kwa namba hizo bila kupima ardhini, maji yatakuonyesha kosa lako kwenye mvua ya kwanza.

Ramani haionyeshi spishi yoyote iliyo hatarini. Tuendelee?

Bado. Uliza kwanza kama kuna mtu aliyewahi kutafuta.

Rekodi za viumbe zilizo katika kanzidata kama GBIF zimejaa kandokando ya barabara, karibu na vyuo na ndani ya hifadhi maarufu, kwa sababu huko ndiko watafiti wanakofika kwa urahisi. Eneo tupu kwenye ramani ya rekodi mara nyingi ni eneo lisilotembelewa. Mipaka ya mtawanyiko ya IUCN ina tabia ya kinyume: imechorwa kwa upana, hivyo hukuambia kwamba spishi huenda ipo mahali ambapo makazi yake yalishatoweka. Chanzo kimoja hukosa vilivyopo na kingine huongeza visivyokuwepo. Vyote viwili vinafaa kukuonyesha upeleke wapi wataalamu wa mimea, ndege, popo au samaki, na katika msimu gani.

Kwa miradi ya nishati ya upepo, tazama pia kama nchi yako imo katika AVISTEP ya BirdLife International. Zana hii ilizinduliwa 2022 kwa kuanzia India, Nepal, Thailand na Vietnam, na huonyesha maeneo ambayo mitambo na nyaya za umeme vingegharimu uhai wa ndege wengi. Imetengenezwa kwa ajili ya kuchagua eneo, kabla ya kununua ardhi, na ningependa kuona kila sekta ikipata zana ya namna hiyo.

Eneo la athari nilichore kubwa kiasi gani?

Desturi ya kuchora duara la kilomita moja au tano kuzunguka mradi ni rahisi, na kwa athari nyingi haina maana. Vumbi na kelele hufuata umbali na upepo, kwa hiyo duara linaweza kusaidia. Maji hufuata bonde. Kijiji kilicho mita 800 juu ya mlima kutoka kwenye machimbo kinaweza kisiguswe na tope hata kidogo, wakati kijiji kilicho kilomita 20 chini ya mto kinakunywa tope hilo. Wanyama hufuata shoroba zao. Watu hufuata masoko, malisho na maji.

Chora basi eneo la athari kwa kila aina ya athari peke yake. Kwa maji tumia mipaka ya mabonde, mfano ile ya HydroSHEDS, ushuke na mto mpaka pale mkondo mkubwa zaidi unapoingia, au mpaka kwenye bwawa linalofuata. Ukiona ripoti yenye duara moja kwa kila kitu, hoji.

Na athari ambazo mradi hauzifanyi wenyewe bali unazifungulia mlango?

Hizi ndizo kubwa zaidi kwa miradi ya barabara, reli na njia za umeme kwenye misitu, na ndizo zinazochorwa mara chache zaidi.

Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu Amazon ya Brazil ulikuta kwamba takriban asilimia 95 ya ukataji miti wote ulikuwa ndani ya kilomita 5.5 kutoka barabarani, au ndani ya kilomita moja kutoka kwenye mto unaopitika. Na barabara zenyewe nyingi hazikuwa rasmi: zilichepuka kutoka barabara kuu iliyojengwa kihalali. Fungua picha za jimbo la Rondônia kuanzia miaka ya 1980 na uzipitishe mwaka kwa mwaka. Kwanza unaona uti mmoja wa barabara katikati ya kijani. Kisha mistari midogo inatokea pande zote mbili, kwa nafasi zinazolingana, kama mifupa ya samaki. Kisha nafasi kati ya mistari hiyo inajazwa mashamba na malisho mpaka kijani kinabaki vipande. Kwa mtazamo wa mkandarasi, barabara ilikula upana wake tu. Kwa mtazamo wa msitu, ilikula mkoa.

Kwa hiyo ripoti inayohesabu hekta za mkuza peke yake inapotosha hata kama kila namba ndani yake ni sahihi. Chora ukanda wa kilomita kadhaa kila upande, hesabu msitu uliomo ndani yake, na uulize barabara za zamani za eneo hilo zilifanya nini kwa misitu yake. Historia hiyo ipo kwenye picha, bure, kwa zaidi ya miongo minne. Ikiwa barabara ya jirani ilivuta makazi na mkaa ndani ya miaka mitano, hakuna sababu ya kudhani hii mpya itakuwa tofauti isipokuwa kuna mpango thabiti wa matumizi ya ardhi, wenye bajeti na watu wa kuusimamia.

Athari limbikizi, yaani zile zinazojumlishwa na miradi mingi, zinaonekana kwenye ramani?

Zinaonekana kuliko mahali pengine popote, mradi tu uweke miradi ya wengine kwenye ramani yako. Bwawa moja juu ya mto linaweza kupita tathmini bila shida. Weka mabwawa sita ya mto uleule pamoja na skimu za umwagiliaji, na utaona samaki wanaohama hawana tena njia na mashapo yaliyokuwa yakilisha delta yamenaswa huko juu. Kikwazo hapa ni usiri: kila mwenye mradi anajua wa kwake. Mamlaka ya mazingira ikiwa na ramani moja ya wazi yenye mipaka ya kila mradi uliopewa kibali, kazi hii inakuwa ya saa chache. Isipokuwa nayo, anza na OpenStreetMap, magazeti na picha za karibuni.

Ujenzi umeanza. Ramani bado ina kazi?

Ndiyo, na hapa huwa chombo cha usimamizi wa kila wiki. Pakia mipaka iliyoidhinishwa na uilinganishe na picha mpya. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano hivi. Mawingu yakizuia, tumia rada ya Sentinel-1, inayoona usiku na kupenya mawingu. Kwenye Global Forest Watch unaweza kuchora eneo lako na kuomba arifa kwa barua pepe kila miti inapopotea ndani yake. Arifa za RADD zinazotumia rada zina uwezo wa mita 10 na zinafaa sana kwenye misitu ya mvua.

Angalia tope hasa. Chagua picha ya kabla ya ujenzi na ya baada ya mvua kubwa ya kwanza, mahali pale pale ambapo barabara inavuka mto. Juu ya kivuko maji yana rangi nyeusi ya kawaida. Chini ya kivuko kuna utepe wa hudhurungi ulioshikamana na ukingo mmoja, ukipanuka jinsi unavyoshuka. Ufuate utepe huo kurudi nyuma na mara nyingi utafika kwenye kifusi kilichomwagwa ukingoni au kwenye mteremko uliokatwa bila kuoteshwa nyasi. Sasa una tarehe, mahali na chanzo. Mkandarasi akipewa picha hizo mbili pamoja na koordinati, mazungumzo huwa mafupi.

Lakini arifa haifanyi kazi peke yake. Brazil ilianzisha DETER, mfumo wa arifa za ukataji miti kwa setilaiti, 2004 kupitia INPE, taasisi yake ya utafiti wa anga, na kati ya mwaka huo na 2012 ukataji miti katika Amazon yake ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Setilaiti zilisaidia kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wakaguzi waliokwenda eneo la tukio, faini, hifadhi mpya na masharti ya mikopo. Andika kwenye mpango wa usimamizi jina la cheo kinachopokea arifa, siku anazopewa kujibu, na mamlaka aliyonayo ya kusimamisha kazi. Bila mistari hiyo mitatu, arifa zitajaa kwenye sanduku la barua pepe la mtu aliyehamishwa.

Je, zinaweza kuonya kuhusu hatari kubwa kama kupasuka kwa bwawa?

Wakati mwingine. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la tope sumu, yaani mabaki ya mgodi, lilipasuka Brumadinho, Brazil, na kuua watu 270. Watafiti waliochambua baadaye picha za rada za Sentinel-1 walikuta kwamba ukuta ulikuwa ukisogea kwa kasi inayoongezeka wiki kadhaa kabla. Picha hizo zilikuwa zinapatikana bure wakati wote. Uchambuzi wa aina hii unahitaji mtaalamu na hauchukui nafasi ya vipimo vilivyomo ndani ya bwawa, lakini mmiliki wa bwawa lenye watu chini yake hana udhuru wa kutoufanya. Na wanaoishi chini ya bwawa wana haki ya kuona ramani inayoonyesha tope litafika wapi na baada ya dakika ngapi.

Wananchi wanaingiaje kwenye ramani?

Kwa kuichora. Kuwaonyesha ramani iliyokamilika na kuwauliza kama wana maoni si kuwashirikisha.

Njia nzuri ni kuchapisha picha kubwa ya eneo, bila mstari wa mradi, na kuwaachia watu kalamu. Wanawake na wanaume wakae meza tofauti, kwa sababu wanajua mambo tofauti: wanaoteka maji wanajua chemchemi ipi haikauki, wafugaji wanajua mapito, wavuvi wanajua samaki wanatagia wapi. Vijana wachukue simu waende na wazee kuthibitisha mahali kwa GPS. Baada ya hapo ndipo mstari wa mradi unalazwa juu. Nimeona jinsi mazungumzo yanavyobadilika pale wahandisi wanapokuta kwamba ramani ya kijiji ina vitu ambavyo yao haina.

Pale ambapo ardhi ya jamii haijasajiliwa, LandMark ni jukwaa la dunia linaloonyesha ardhi za wenyeji na jamii. Bado lina mapengo mengi, na pengo kwenye LandMark halimaanishi kwamba ardhi haina mwenyewe.

Je, kila kitu kiwekwe wazi?

Karibu kila kitu. Mipaka ya mradi, matokeo ya ufuatiliaji, sehemu za kupimia maji na ahadi za kurejesha ardhi viwe wazi, kwenye ramani inayofunguka kwa simu ya kawaida.

Yapo machache ya kuficha. Koordinati kamili za viota, mapango ya popo au mimea adimu zinaweza kuwaelekeza majangili. Ndiyo maana kanzidata makini hupunguza usahihi wa rekodi hizo kabla ya kuzichapisha. Vivyo hivyo maeneo ya matambiko na makaburi, ambayo wenyewe ndio waamue kama yaonekane na nani. Na usichapishe ramani inayomtambulisha mtu aliyelalamika.

Mbona mpaka wa hifadhi kwenye ramani haulingani na vigingi vilivyopo ardhini?

Mpaka wa mtandaoni huenda ulichorwa kutoka ramani ya karatasi ya skeli ndogo, au ulisajiliwa kwa mfumo wa zamani wa koordinati ambao ukisomwa kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, husogeza kila kitu kwa makumi au mamia ya mita. Mpaka wa kisheria ni ule wa tangazo la serikali na upimaji. Tumia wa mtandaoni kujua kwamba uko karibu, kisha muite mpimaji.

Koordinati ziandikwe vipi ili zisipotee?

Kwa desimali, na utaje mfumo. Tarakimu tatu baada ya nukta hukupa takriban mita 110, tano hukupa mita moja hivi. GPS ya simu penye anga wazi hukosea mita tano au zaidi, kwa hiyo tarakimu nane ni pambo. Angalia pia mpangilio: watu wengi huandika latitudo kwanza, lakini mafaili ya GeoJSON huanza na longitudo. Alama zako zikitokea katikati ya bahari, huenda umezigeuza.

Akili mnemba inaweza kunisomea picha?

Inafanya hivyo tayari. Dynamic World, iliyotolewa 2022 na Google pamoja na World Resources Institute, huainisha kila pikseli ya mita 10 kuwa miti, maji, mazao, majengo na kadhalika, karibu kila picha mpya inapoingia. Inafaa kugundua mabadiliko haraka. Lakini shamba la mikaratusi na msitu wa asili vyote kwake ni miti, na tofauti hiyo ndiyo unayotakiwa kuitetea. Onyo hilohilo linahusu upotevu wa miti kwenye Global Forest Watch: kuvuna shamba la miti kunahesabiwa humo pia, kwa sababu kipimo ni mimea yenye urefu wa zaidi ya mita tano.

Nimepewa ripoti ya kurasa mia tatu na siku chache za kutoa maoni. Nidai nini kuhusu ramani?

Dai mafaili yenyewe, siyo picha za ramani zilizobanwa kwenye PDF. KML, GeoPackage au shapefile, yoyote inafaa. Yawe na mipaka ya mradi na vyote vinavyoambatana nao, njia mbadala zilizokataliwa, sehemu za sampuli na maeneo ya kurejeshwa. Dai tarehe za picha zilizotumika na toleo la kila kanzidata. Hifadhi iliyotangazwa mwaka jana haitakuwa kwenye data ya miaka mitano iliyopita.

Kisha fanya mambo mawili kabla ya kusoma maneno. Laza mipaka yao juu ya picha ya mwezi wa mvua. Halafu tafuta machimbo na barabara za muda: kama hazimo kwenye mafaili, hazikutathminiwa, na hilo peke yake linatosha kuomba ripoti irudishwe. Tuma maoni yako pamoja na koordinati na picha yenye tarehe, uombe jibu la maandishi, na utunze nakala ya mafaili hayo. Yatahitajika tena siku ya kufunga mradi, pale mtu atakaposema eneo lilikuwa kame tangu mwanzo.